Kindu: Etangi inachimbwa mara moja, maji yake yanatunzwa kila siku

Alfajiri, mwenye bwawa anashuka bondeni na sahani ya pumba mkononi. Anakuta tilapia wameelea tumbo juu. Wengine bado wako hai, lakini wametoa midomo juu ya maji wakitafuta hewa. Kabla jua halijapanda, habari imekwisha zunguka avenyu nzima: mtu ametia sumu. Jirani aliyeomba samaki wiki iliyopita akanyimwa anatajwa jina. Shemeji asiyeelewana na familia anatajwa pia. Kufikia jioni, watu waliokuwa wakisalimiana hawasalimiani tena, na kesi imefika mbele ya chifu wa avenyu.

Hiki si kisa cha mtu mmoja. Popote etangi za samaki zinapochimbwa bila mafunzo, asubuhi ya namna hiyo hufika siku moja. Sumu ipo, na watu wenye wivu wapo. Lakini samaki wanaokufa wengi pamoja, usiku, na kukutwa asubuhi wakihema juu ya maji, kwa kawaida wameuawa na kitu kimoja: kukosa oksijeni. Na aliyeiondoa oksijeni hiyo mara nyingi ni mwenye bwawa mwenyewe, kwa mbolea aliyomwaga kupita kiasi na chakula kilichobaki kikaoza chini.

Hapo ndipo shida ya ufugaji wa samaki ilipo, Kindu na katika jimbo lote la Maniema. Nguvu inawekwa kwenye kuchimba. Watu wanakodiwa, jembe na koleo vinatafutwa, tuta linajengwa, vifaranga vinanunuliwa, picha zinapigwa. Baada ya hapo bwawa linaachwa kama shimo la maji, eti samaki ni kiumbe cha Mungu, atajitafutia. Bwawa si mto. Mtoni, maji mabaya yanapita na mazuri yanakuja. Bwawani, kila kinachoingia kinabaki humo na samaki, na samaki hana pa kukimbilia.

Mji wa Kindu hauwezi kuendelea kulichukulia jambo hili kama mchezo wa watu wachache wenye parseli kubwa. Mji umepakana na Lualaba: Kasuku na Mikelenge upande mmoja, Alunguli ng'ambo ya pili. Wazee wanakumbuka mto uliowalisha bila hesabu. Leo midomo ni mingi na nyavu zimekuwa ndogo. Wapo wanaovua kwa chandarua cha kuzuia mbu, kinachobeba hata vifaranga visivyofika urefu wa kidole. Wapo wanaotumia sumu kwenye vijito. Na juu ya vijito vingi vya Maniema kuna wachimbaji wa dhahabu na kasiteriti wanaogeuza maji kuwa matope, na matope hayo yanafunika mahali samaki wanapotagia.

Anayekosa samaki wa mto anategemea kinachotoka mbali: ndagala waliokaushwa kutoka ziwa Tanganyika, ambao safari yao inategemea reli ya kutoka Kalemie na treni isiyo na tarehe ya hakika, au samaki wa barafu kutoka nje ya nchi, ambaye bei yake inabeba gharama ya njia yote. Mama anayerudi kutoka soko akiwa na sombe na mawese bila samaki hakusahau kununua. Alipiga hesabu, franka hazikutosha. Mtoto wake ndiye anayelipa tofauti hiyo, kwa mwili usiokua inavyopaswa.

Kwa hiyo bwawa la samaki ni wazo zuri kwa Kindu. Joto la ikweta, ambalo halishuki sana mwaka mzima, linamfaa tilapia, anayekua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 32. Mvua ipo. Mabonde yenye vijito yapo. Udongo wa mfinyanzi unaoshika maji unapatikana sehemu nyingi. Kisichopo ni utunzaji.

Nchi hii ilikwisha pitia njia hii. Baada ya vita ya pili ya dunia, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilihimiza ufugaji wa tilapia kwa nguvu, ikaanzisha kituo cha utafiti huko Kipopo, karibu na mji ulioitwa wakati ule Elisabethville, leo Lubumbashi. Mwisho wa miaka ya 1950, mabwawa ya vijijini yalikuwa yamepita 100,000 katika Kongo nzima. Kwenye karatasi, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini mengi yalichimbwa kwa amri, na watu hawakuelezwa vya kutosha kwa nini samaki wao wanabaki wadogo. Uhuru ulipofika, na vurugu zilizofuata, mengi yaliachwa, nyasi zikaota. Miaka ya 1970 na 1980, vijana wa kujitolea kutoka Marekani walitembea vijijini wakifundisha tena ufugaji huo huo, hadi walipoondoka mwaka 1991 nchi ilipotikisika. Kila mara hadithi imekuwa ile ile: anayehimiza akiondoka, mabwawa yanakauka. Mafunzo yaliyodumu ni yale yaliyobaki kichwani mwa mkulima, si yale yaliyobaki kwenye ripoti.

Basi mkulima wa Kindu anapaswa kujua nini? La kwanza ni asidi ya maji. Udongo mwekundu wa nchi za misitu ya ikweta umeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka. Chumvi nyingi zimeondoka, asidi ikabaki. Maji ya kijito kinachotoka msituni huwa maangavu, wakati mwingine na rangi ya chai, na mtu huona ni mazuri kwa sababu ni safi. Kwa samaki, usafi huo ni umaskini. Wataalamu hupima asidi kwa kipimo kinachoitwa pH, kinachoanzia 0 hadi 14, katikati ikiwa 7. Tilapia anapenda maji yaliyo kati ya 6.5 na 9. Maji yakishuka chini ya hapo, samaki hafi mara moja, lakini hakui, hana hamu ya kula, na mbolea inayotiwa bwawani haifanyi kazi.

Dawa yake inajulikana tangu zamani: chokaa. Kwa bwawa jipya lenye udongo wa asidi, kipimo cha kawaida ni kilo 10 hadi 20 za chokaa ya kilimo kwa kila ari, yaani kila mita za mraba 100. Inatandazwa chini na kwenye kingo bwawa likiwa kavu, kisha maji yanaingizwa, na vifaranga vinasubiri wiki moja au mbili. Chokaa kali, ile inayochemka ikiguswa na maji, inatiwa kidogo zaidi, na kamwe haitiwi samaki wakiwa ndani. Aliyekosa chokaa anaweza kutumia majivu ya kuni, lakini yawe mengi zaidi ya chokaa, na yatandazwe vilevile kabla ya maji.

Wengine watasema kupima asidi ya maji ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba kule Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga matumbawe sebuleni, ndani ya sanduku la kioo. Matumbawe ni wale wanyama wadogo wa baharini wanaojenga mawe kama yale yaliyo mbele ya pwani ya Mombasa na Unguja. Wafugaji hao wanapima maji yao kila wiki: chumvi, kalisiamu, magnesiamu, na ule uwezo wa maji kuzuia asidi isibadilike ghafla. Wanapima hata masalia ya chakula, kwa sababu wanajua kwamba chakula kikizidi maji yanaharibika na matumbawe yanakufa. Wako pia wanaofuga samaki wadogo wa rangi waliotoka ziwa letu la Tanganyika. Hao wanatia chumvi maalum kwenye maji ya bomba ili yafanane na maji ya Kalemie, ambayo pH yake inakaribia 9. Yote hayo kwa ajili ya pambo la kutazama jioni.

Mtu anaweza kucheka. Lakini afadhali ajiulize: ikiwa mtu wa mbali anapima maji kila wiki kwa ajili ya pambo, mzazi wa Alunguli ataachaje kupima maji ya samaki anayetegemewa kulipa shule ya watoto? Kanuni ni moja. Pwani ya Waswahili, chokaa ya kujengea ilichomwa kutoka kwa mawe ya matumbawe yenyewe. Kile kinachoyafanya maji ya matumbawe yatulie ndicho kinachotuliza bwawa la tilapia. Tofauti ni kwamba kule wanatumia vifaa vya bei, na hapa karatasi ndogo za kupimia asidi, zinazobadilika rangi zikichovywa majini, zingetosha.

Hata Lualaba yenyewe inatoa somo. Maji ya Tanganyika yanatoka ziwani kwa mto Lukuga na kuingia Lualaba huko juu, kabla ya Kongolo. Sehemu ya maji yanayopita mbele ya Kindu yametoka ziwani, na chumvi zake. Kijito kidogo cha bondeni hakina bahati hiyo. Anayedhani maji yote ni sawa kwa sababu yote yanalowesha, samaki wake watamfundisha.

La pili ni rangi. Bwawa zuri la tilapia si jeupe wala si la kahawia, ni la kijani. Ule ukijani ni mimea midogo sana isiyoonekana kwa jicho. Samaki wanaila, nayo inatoa oksijeni mchana jua likiwaka. Inakuja kwa mbolea: kinyesi cha kuku, bata, mbuzi au nguruwe, pamoja na majani mabichi, vikiwekwa ndani ya uzio wa miti kwenye kona ya bwawa, mahali panapochukua kama sehemu moja ya kumi ya eneo lote. Kila wiki rundo hilo linageuzwa na kuongezwa kidogo.

Kipimo chake hakihitaji duka. Mkulima anaingiza mkono majini, kiganja kikiwa wazi. Maji yakifika kwenye kiwiko na kiganja bado kinaonekana vizuri, bwawa lina njaa, aongeze mbolea. Kiganja kikipotelea karibu na kiwiko, mambo ni mazuri. Kikipotea kabla maji hayajafika nusu ya mkono, mbolea imezidi na hatari iko karibu. Ikiwa kinachokificha ni matope na si ukijani, hapo shida ni udongo unaoingia na mvua, na dawa ni kupanda nyasi fupi kwenye tuta na kuchimba mfereji wa kuzungushia maji ya mvua.

La tatu ndilo linalorudisha kwenye ile asubuhi ya kilio. Mimea ile ya kijani inatoa oksijeni mchana. Usiku, jua likizama, nayo inavuta oksijeni kama samaki wanavyovuta, na uozo wa chini unavuta pia. Kwa hiyo oksijeni ya bwawa inapanda hadi alasiri, halafu inashuka usiku kucha, na kiwango cha chini kabisa kinafika kabla ya mapambazuko. Bwawa lililojazwa mbolea, likifuatwa na siku moja au mbili za mawingu mazito, linaweza kumaliza hewa yote kabla jogoo hajawika. Mwenyewe akiamka, anaona wafu na kutafuta adui.

Dalili inatangulia kifo. Samaki wanaohema juu ya maji asubuhi, kisha wakazama jua likipanda, wanasema: leo tumepona, kesho hatujui. Siku hiyo mbolea isimamishwe, chakula kisitolewe, na maji mapya yaingizwe yakianguka kutoka juu, yakipiga uso wa bwawa ili yachukue hewa. Bwawa lisilo na mfereji wa kuleta maji, watu waingie na mabeseni wayapige maji, wayachote na kuyamwaga. Ni kazi ya kuchosha, lakini inaokoa.

Na kabla ya kumtaja jirani, maswali matatu yaulizwe. Je, samaki walikuwa wakihema asubuhi za nyuma? Je, mbolea au chakula kiliongezwa siku hizo? Je, jua lilikosekana? Jibu likiwa ndiyo, mtuhumiwa wa kwanza ni usiku wenyewe. Machifu wa avenyu na viongozi wa komini wanaopokea kesi hizi wangefanya vizuri kuyajua maswali hayo kwa moyo. Watu wengi wangelala kwa amani.

La nne ni chakula. Maniema ni nchi ya mpunga, kwa hiyo pumba zipo. Kuna mchwa, kuna mashudu ya mawese, kuna majani ya mihogo na ya papai, kuna masimbi ya pombe, kuna mabaki ya jikoni. Samaki anakula vingi, lakini kula si kukua. Pumba peke yake inashibisha kuliko kujenga. Tilapia anahitaji chakula ambacho karibu robo yake au zaidi ni protini, na protini hiyo inatoka kwenye mchwa, wadudu, damu na matumbo ya machinjio yaliyopikwa, soya au karanga zilizokamuliwa. Aliyechanganya pumba na mchwa waliokaushwa ataona tofauti na aliyemwaga pumba tupu.

Kiasi nacho kina hesabu. Chukua bwawa la mita 10 kwa 20, yaani ari 2, lenye tilapia 400, wawili kwa kila mita ya mraba. Wakifikia gramu 50 kila mmoja, wote pamoja wana kilo 20. Chakula cha siku ni kama asilimia 4 ya uzito huo: gramu 800. Wakifikia gramu 100, uzito ni kilo 40, na asilimia 3 ni kilo 1 na gramu 200 kwa siku, karibu kilo 36 kwa mwezi. Familia inayotaka kuchimba ijiulize kwanza kama itazipata kilo hizo 36, mwezi baada ya mwezi. Jibu likiwa hapana, achimbe bwawa dogo zaidi. Ari moja inayolishwa inashinda ari tano zenye njaa.

Chakula kitolewe mara mbili, asubuhi jua likiwa limepanda na alasiri, mahali pale pale, saa zile zile. Samaki wanajifunza, wanakuja. Kisichoisha ndani ya robo saa au dakika 20 kimezidi, kesho kipunguzwe. Chakula kinachobaki kinaoza, kinatoa amonia, gesi ile ile inayochoma pua kwenye banda la kuku lisilosafishwa, na amonia inaunguza mashavu ya samaki. Kwa hiyo mtu anayemwaga ndoo nzima ya pumba ili "apumzike siku tatu" hajawalisha samaki. Amelisha uozo.

La tano linawavunja moyo wengi: samaki vibete. Tilapia anaanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne tu. Bwawa lililowekwa samaki 400 linaweza kuwa na maelfu baada ya miezi sita, wote wadogo, wote wakigawana chakula cha mia nne. Mkulima anadhani mbegu ilikuwa mbaya. Ukweli ni kwamba hakuvuna kwa wakati. Bwawa linavunwa lote baada ya miezi kama sita, linakaushwa, tope jeusi linaondolewa na kupelekwa bustanini, ambako litafanya mboga zicheke, halafu chokaa inatandazwa tena. Wengine wanaongeza kambale wachache tilapia wakishakua kidogo, ili wale vifaranga vinavyozidi. Wengine wanajifunza kutenganisha madume na majike kwa mkono. Yote yanawezekana hapa.

Wapo watakaopinga. Watasema mkulima ni maskini, chokaa inafika Kindu kwa bei ya juu, na pumba hizo hizo zinatakiwa na kuku na nguruwe. Ni kweli yote. Ndiyo sababu haifai kumwambia kila mtu achimbe. Bwawa si la kila parseli, na hakika si la parseli ambako choo kiko hatua kumi tu kutoka majini. Bwawa linaloachwa nyasi kingoni linazaa mbu, na malaria haihitaji msaada katika mji huu. Wizi wa usiku upo pia. Lakini umaskini ndio hoja kubwa zaidi ya kutunza maji. Tajiri anaweza kupoteza samaki 400 na kununua wengine. Familia iliyouza mbuzi ili ipate vifaranga haina mbuzi wa pili.

Wengine watasema: serikali ishughulikie kwanza mto, barabara na reli. Na hiyo pia ni haki yao kudai. Uvuvi wa chandarua na wa sumu ni lazima ukomeshwe, na machimbo yanayomwaga matope kwenye vijito ni lazima yadhibitiwe, kwa sababu bwawa linakunywa maji ya kijito hicho hicho. Lakini mtoto wa leo hawezi kusubiri treni ya kesho. Kazi zote mbili zifanyike pamoja.

Nini basi kitakiwe, na kwa nani? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 204, inaweka mipango ya kilimo ya jimbo mikononi mwa jimbo lenyewe. Kwa hiyo swali hili halihitaji kupanda ndege kwenda Kinshasa. Serikali ya jimbo la Maniema ingeweza kuanza na mambo manne yasiyohitaji mamilioni ya dola.

Kwanza, kila komini iwe na fundi wa samaki anayejulikana kwa jina, mwenye karatasi za kupimia asidi na mzani, na mwenye pikipiki inayotembea. Kazi yake isiwe kuhesabu etangi, iwe kuzitembelea. Pili, jimbo linunue chokaa ya kilimo kwa wingi na kuiuza kwa kilo, kwa bei ya kununulia pamoja na usafiri, bila faida. Mkulima wa ari 2 anahitaji kilo 20 hadi 40. Hawezi kuagiza peke yake. Tatu, Chuo Kikuu cha Kindu kiwatume wanafunzi wake wa kilimo mabondeni na si maktabani tu: wapime maji ya vijito vya mji, waandike matokeo, wayatoe kwa Kiswahili kwenye redio za hapa, ili mama wa Mikelenge ajue kijito chake kina asidi kiasi gani. Kazi nyingi za mwisho wa masomo zinalala kabatini, hizo zingeamshwa.

Nne, na hili linawahusu mashirika pia: ripoti zibadilike. Mradi usihesabiwe kwa mabwawa uliyochimba bali kwa kilo zilizovunwa mwaka wa pili na wa tatu, mfadhili akiwa amekwisha ondoka. Nchi hii ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000 na haikuwa na samaki wa kutosha. Hakuna sababu ya kurudia kosa la babu kwa fedha mpya.

Wakulima nao wana sehemu yao. Wenye etangi kwenye bonde moja wanakunywa kijito kimoja. Wa juu akimwaga mbolea kupita kiasi, wa chini anaamka na wafu. Wakiungana, wanaweza kununua chokaa pamoja, kulinda usiku kwa zamu, kupanga siku za kuvuna ili wasiangushane bei sokoni, na kuitana alfajiri samaki wa mmoja wakianza kuhema. Daftari la franka chache linatosha kwa kila bwawa: tarehe, rangi ya maji, kiasi cha chakula, waliokufa, waliovunwa. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litajua bwawa kuliko mganga yeyote.

Kuchimba kunapendeza kwa sababu kunaonekana. Gavana anaweza kukata utepe mbele ya tuta jipya. Hakuna anayekata utepe mbele ya mtu aliyeingiza mkono majini hadi kwenye kiwiko. Lakini ni mkono huo utakaoamua kama mwezi wa sita familia itakula, itauza na kulipa shule, au kama alfajiri moja ya mawingu itawaacha na beseni la samaki wafu na jirani wasiyemsalimia tena.